Kadi Maksimamu: Jinsi ya Kuoanisha Postikadi, Stempu na Muhuri wa Posta

Chukua postikadi yenye picha ya mlima, ubandike upande huohuo wa picha stempu inayoonyesha mlima uleule, kisha stempu hiyo igongwe muhuri na posta ya mji ulio chini ya mlima. Vitu hivyo vitatu vikikutana juu ya karatasi moja, wakusanyaji wa stempu huiita kadi maksimamu, na fani yenyewe huitwa maksimafilia. Shirikisho la Kimataifa la Filateli, yaani ukusanyaji wa stempu, linalojulikana kwa kifupi kama FIP, limeitengea fani hii kanuni zake na daraja lake katika maonyesho, ingawa mtu hahitaji kushindana popote ili aifurahie.

Mkusanyaji mpya kwa kawaida huanza na picha iliyomvutia, akaitafutia stempu, na muhuri ukamjia akilini mwisho kabisa, stempu ikiwa imeshabandikwa. Mwongozo huu unafuata njia ya kinyume. Picha hununuliwa na stempu huagizwa, lakini muhuri hupatikana mahali fulani tu, kwa muda fulani tu, na kwa mkono wa karani ambaye huenda hajawahi kuombwa jambo la namna hiyo. Anayeanza kwa kuuwaza muhuri hupoteza kadi chache.

Desturi ya kubandika stempu upande wa picha ni ya zamani. Postikadi ya kwanza ya serikali ilitolewa na Austria-Hungaria tarehe 1 Oktoba 1869, na haikuwa na picha yoyote. Picha zilipokuja, upande wa nyuma uliendelea kutengewa anwani peke yake, kwa hiyo salamu ziliandikwa pembeni mwa picha. Uingereza iliruhusu upande wa nyuma ugawanywe kati ya ujumbe na anwani mwaka 1902, Ufaransa mwaka 1904, Ujerumani mwaka 1905 na Marekani mwaka 1907. Wakati huo watumaji wengi, hasa Ufaransa, walipenda kuiweka stempu upande wa picha. Misri nayo ilikuwa ikitoa stempu zenye Sphinx na piramidi tangu mwaka 1867, na wasafiri waliozibandika juu ya kadi zenye mandhari hiyohiyo walitengeneza kadi maksimamu bila kujua kwamba siku moja zingekuwa na jina.

Hatua ya kwanza: zielewe aina tatu za kuoana

Kadi hupimwa kwa mambo matatu. La kwanza ni kuoana kwa mada: kile kinachoonekana kwenye stempu lazima kionekane pia kwenye postikadi, na kadiri picha hizo mbili zinavyokaribiana ndivyo kadi inavyokuwa bora. La pili ni kuoana kwa mahali: jina la posta lililo kwenye muhuri, au mchoro ulio ndani ya muhuri huo, uwe na uhusiano wa moja kwa moja na mada. La tatu ni kuoana kwa wakati: tarehe ya muhuri iwe ndani ya kipindi ambacho stempu inakubalika kulipia barua, na iwe karibu iwezekanavyo na siku stempu ilipotolewa.

Kuoana kwa mada kunahitaji jicho kali kuliko watu wanavyodhani. Mwezi Desemba 2010 posta ya Marekani ilitoa stempu ya Sanamu ya Uhuru, na miezi kadhaa baadaye ikagundulika kwamba picha iliyotumika haikuwa ya sanamu ya bandari ya New York bali ya nakala yake iliyosimama mbele ya hoteli ya kasino mjini Las Vegas. Macho na nywele za nakala hiyo ni tofauti na za sanamu yenyewe, na ukizitazama picha mbili kwa kioo cha kukuzia tofauti hiyo huonekana wazi. Mkusanyaji makini, basi, hataibandika stempu hiyo juu ya kadi ya New York. Atatafuta kadi ya nakala ya Las Vegas na kuomba muhuri wa Las Vegas, na hapo kosa la posta litakuwa limempa kadi ambayo wengi hawataifikiria.

Hatua ya pili: chagua mada kwa kuitazama ramani

Kabla ya kununua chochote, jiulize ni posta gani inayoweza kugonga muhuri wenye maana kwa mada yako. Majengo, madaraja, milima na maporomoko ya maji ni mada rahisi kwa anayeanza, kwa sababu kila kimoja kina mahali pake pasipo na ubishi. Stempu ya Uswisi yenye mlima Matterhorn inaitaka posta ya Zermatt, mji ulio chini ya mlima huo, na mjadala unaishia hapo.

Watu mashuhuri wana nafasi pana zaidi, kwa kuwa mtu huzaliwa mahali pamoja, akafanya kazi kwingine, akafia kwingine. Mfano ni Ludwig van Beethoven. Alibatizwa Bonn mwezi Desemba 1770 na kufariki Vienna tarehe 26 Machi 1827. Taswira yake inayojulikana zaidi ilichorwa na Joseph Karl Stieler mwaka 1820, nayo huhifadhiwa katika nyumba ya makumbusho ya Beethoven iliyoko Bonn. Kwa hiyo stempu ya Ujerumani inayonakili taswira hiyo, ikiwa juu ya postikadi ya taswira hiyohiyo na kugongwa muhuri wa Bonn, ina sababu mbili za mahali kwa mpigo: mji wa kuzaliwa kwa mwanamuziki na mji ilipo picha yenyewe. Stempu ya Austria haiwezi kugongwa Bonn, kwa sababu posta ya nchi hugonga stempu zake yenyewe, lakini ina Vienna, mji alikoishi na kufanyia kazi miaka mingi. Stempu ya Beethoven iliyotolewa na nchi ambayo hakuwahi kukanyaga ndiyo inayoleta taabu. Hapo hubaki kutegemea muhuri wa picha, yaani wenye mchoro wa mada ndani yake, uliotengenezwa kwa ajili ya toleo hilo, na usipokuwepo, ni afadhali kuiacha stempu hiyo katika albamu ya kawaida.

Kazi za sanaa zina utaratibu wake. Stempu ikinakili mchoro, mada ni mchoro huo na si mtu aliyechorwa, hivyo postikadi nayo iwe ya mchoro huohuo, mzima au sehemu yake iliyo kwenye stempu. Mahali panapokubalika ni mji wa makumbusho unapohifadhiwa, mji alikozaliwa au kufia msanii, au mji alikouchora.

Wanyama ndio mada inayopendwa sana na inayofanywa ovyo sana. Tembo hana cheti cha kuzaliwa, na matokeo yake ni kadi nyingi mno zilizogongwa muhuri wa mji mkuu usio na tembo hata mmoja. Tafuta posta iliyo karibu na hifadhi anamoishi mnyama huyo, au muhuri wa picha wenye umbo lake. Mfululizo wa stempu za wanyama walio hatarini uliotolewa kwa kushirikiana na WWF, shirika la kuhifadhi wanyamapori, kuanzia mwaka 1983 uliuzwa pia ukiwa na kadi maksimamu zilizo tayari, na ingawa ni za kibiashara, zinamfaa mgeni kuzoeza macho yake kuona namna stempu, picha na muhuri vinavyopangwa.

Hatua ya tatu: pata stempu kabla ya siku yake

Mashirika mengi ya posta hutangaza mapema ratiba ya stempu za mwaka. Isome ikitoka tu na uweke alama kwenye toleo moja au mawili ambayo tayari unajua posta yake. Stempu inayofaa ni ile ya kulipia barua, inayokubalika wakati wa kugongwa. Stempu za ushuru wa mapato, za kudai nauli pungufu, za matumizi ya kiofisi na zile zilizofutwa kabla ya kuuzwa hazikubaliki. Kadi moja hubeba stempu moja tu. Ikiwa stempu moja ina mada mbili, kwa mfano mwandishi na nyumba yake, unaweza kutengeneza kadi mbili tofauti, moja ya mwandishi na nyingine ya nyumba, kila moja ikiwa na stempu yake.

Hakikisha pia kwamba stempu ya zamani unayotaka kuitumia haijapitwa na wakati. Stempu za Ujerumani zilizoandikwa thamani kwa pfenigi na marki pekee ziliacha kukubalika baada ya tarehe 30 Juni 2002, kwa hiyo haiwezekani leo kupata muhuri halali juu yake, hata zikiwa mpya kabisa na gundi yake kamili.

Hatua ya nne: tafuta postikadi

Kanuni inataka postikadi iwe imekuwepo sokoni kabla ya stempu kutolewa, kadiri inavyowezekana, au kama ilichapishwa kwa ajili ya toleo hilo, basi inakili picha au hati iliyokuwepo tayari. Sababu yake inaeleweka: kadi iliyochorwa makusudi ifanane na stempu haimwachii mkusanyaji kazi yoyote ya kutafuta. Picha ichukue angalau asilimia 75 ya upande wake. Kadi zisizo na ukingo mweupe hupendelewa. Epuka kadi zenye picha nne au tano ndogo zilizopangwa pamoja, kadi zinazonakili stempu yenyewe pamoja na meno yake ya ukingoni na thamani yake, na picha ulizojichapishia kwa kompyuta nyumbani, kwani zote hukataliwa katika maonyesho. Ukubwa uliozoeleka ni kati ya milimita 90 kwa 140 na milimita 105 kwa 148.

Maduka ya makumbusho, bustani za mimea, wauzaji wa vitu vya kale na wauzaji wa postikadi kwenye intaneti ndio wenye mali. Ukipata kadi nzuri, nunua tatu. Moja utaigonga, ya pili ni akiba endapo wino utasambaa, na ya tatu utabadilishana na mwenzako.

Kuna jambo moja ambalo wachache hulitazama wakati wa kununua, nalo ni uso wa kadi. Kadi nyingi za kisasa hupakwa vanishi inayong'aa, na juu yake wino wa posta hauingii kwenye karatasi bali huelea, ukafutika kwa mguso wa kidole. Iinamishe kadi kwenye mwanga. Ikirudisha mwanga kama kioo, tafuta toleo lisilong'aa la picha hiyohiyo, na likikosekana, jiandae kuisubiri ikauke kwa muda mrefu.

Hatua ya tano: bandika stempu mahali muhuri utakaposomeka

Weka stempu upande wa picha, lakini usiibandike mara moja. Isogeze kwanza juu ya kadi kwa kibano cha stempu na utazame nafasi mbili: ile ya stempu na ile ya nusu ya muhuri itakayobaki nje yake. Muhuri unapaswa kuishika stempu na kadi kwa pamoja, sehemu yake ikiwa juu ya stempu na sehemu juu ya picha, ili ionekane kwamba vyote vilikuwa pamoja siku ile. Wino mweusi ukiangukia kwenye msitu wa kijani kibichi au koti jeusi hautasomeka, na jina la posta ulilolihangaikia litapotea. Anga, maji, ukuta mweupe au ukungu ndiyo maeneo ya kutafuta. Stempu isifunike uso wa mtu wala kilele cha jengo, na ikibidi kuchagua kati ya kona ya kulia iliyozoeleka na kona ya kushoto yenye anga nyeupe, ichukue ya kushoto bila kusita.

Stempu ya gundi ya kulowesha iloweshwe kidogo tu kwa sponji na kukandamizwa kwa karatasi safi. Ile inayojinata haibandukiki kirahisi, kwa hiyo pima kwanza kabla hujavua karatasi yake ya nyuma.

Hatua ya sita: muhuri

Katika posta nyingi barua hupita kwenye mashine, nayo huchapa upande wa anwani bila kujali kilichoko upande wa pili. Kadi maksimamu haina budi kugongwa kwa mkono. Fika posta saa ambazo hakuna foleni, mweleze karani kwa ufupi unachotaka, na umwonyeshe kadi iliyokwisha kugongwa kama unayo, maana mfano mmoja humaliza maelezo mengi. Mwombe aujaribu muhuri juu ya karatasi chakavu kwanza. Muhuri uliojaa wino hutoa doa, na uliokauka hutoa nusu ya duara. Weka kadi juu ya kitu chenye kulegea kidogo, kama daftari jembamba, kwa sababu juu ya meza ngumu ukingo mmoja wa muhuri hukosa kugusa. Onyesha kwa ncha ya penseli, bila kuandika, mahali unapotaka kitovu cha muhuri kiangukie. Makarani wengi wakishaelewa hufanya kazi hii kwa uangalifu mkubwa, na wengine hukuachia ugonge mwenyewe mbele ya macho yao, ingawa hilo hutegemea kanuni za posta husika.

Kuhusu aina ya muhuri, ladha zinatofautiana. Muhuri wa siku ya kwanza, yaani wa siku stempu inapotolewa, ukiwa na picha huwa mkubwa na mzuri, tena tarehe yake haina ubishi. Hata hivyo, mara nyingi hugongwa katika mji mkuu au katika duka la filateli, mahali pasipohusiana na mada hata kidogo. Mimi huupendelea muhuri wa kawaida wa duara kutoka posta ndogo ya mahali penyewe, hata ukiwa umechelewa wiki tatu, kuliko muhuri wa mapambo wa siku ya kwanza kutoka mji usiohusika. Waamuzi wa maonyesho hutazama mahali na wakati kwa pamoja, hivyo chelewa kidogo ikibidi, lakini usingoje mwaka.

Ukiwa mbali na posta unayoitaka, tuma ombi kwa barua. Tia ndani ya bahasha imara kadi zikiwa tayari zimebandikwa stempu za nchi hiyo, barua fupi ya heshima kwa mkuu wa posta, na bahasha ya kurudishia yenye anwani yako na nauli kamili. Eleza tarehe unayoitaka, taja kwamba ungependa muhuri ugongwe kwa mkono upande wa picha, na bandika kwenye barua mchoro mdogo unaoonyesha muhuri uangukie wapi. Baadhi ya posta hukubali maombi ya muhuri wa siku ya kwanza kwa muda fulani baada ya toleo, na muda huo huandikwa katika tangazo la stempu yenyewe. Tenganisha kadi kwa vipande vya karatasi laini ili wino wa moja usihamie nyuma ya nyingine. Si lazima kadi yenyewe isafiri wazi kwenye barua: kadi iliyogongwa na kurudishwa ndani ya bahasha inakubalika kikamilifu.

Hatua ya saba: kausha na uhifadhi

Kadi iliyogongwa ilale wazi, muhuri ukitazama juu, mbali na vumbi, kwa saa kadhaa ikiwa karatasi haing'ai na kwa siku kadhaa ikiwa inang'aa. Usiifute, usiipulizie hewa ya moto. Ikishakauka, itie ndani ya mfuko wa plastiki ya polipropilini au poliesta. Plastiki ya PVC, ile laini yenye harufu, huachia kemikali zinazonata kwenye picha na kubadilisha rangi ya stempu. Ikae mbali na jua na unyevunyevu, bila mpira wa kufungia, kibanio cha chuma wala utepe wa gundi. Kwenye ukurasa wa albamu ishikwe kwa pembe za karatasi, na maelezo yaandikwe kwenye ukurasa badala ya nyuma ya kadi: tarehe ya kutolewa stempu, jina la posta, na sababu ya kuchagua posta hiyo ikiwa haionekani moja kwa moja.

Hatua ya nane: kuzikagua kadi zilizo tayari

Kadi za zamani hutapata njia nyingine ila kuzinunua zikiwa zimekamilika, na hapa tahadhari inahitajika. Geuza kadi kabla ya kuutazama upande wa picha. Kadi yenye muhuri wa mwaka 1960 lakini ikawa na msimbo wa mistari au anwani ya tovuti nyuma yake imetengenezwa baadaye, hata muuzaji aseme nini. Angalia kama mistari ya muhuri inaendelea bila kukatika kutoka kwenye stempu hadi kwenye picha. Ikivunjika ukingoni mwa stempu au ikipinda pembe tofauti, huenda stempu ilibanduliwa kwenye bahasha nyingine na muhuri ukakamilishwa kwa kalamu. Tazama kwa kioo cha kukuzia wino ulioko juu ya picha na ule ulioko juu ya stempu: rangi iwe moja, na unene wa mistari uwe mmoja. Stempu iliyobandikwa upya mara nyingi huacha mduara hafifu wa gundi pembeni mwa meno yake, na mduara huo huonekana kwa urahisi zaidi ukiiinamisha kadi chini ya taa ya upande mmoja.